Besi ikatwe wapi? Kuchagua krosova kati ya spika ndogo na sabufa

Nyuma ya karibu kila sabufa, ile spika ya besi tupu, kuna kitufe cha krosova cha kuzungusha chenye namba zinazoanzia 40 au 50 na kupanda hadi 150 au 200. Wengi wetu tulikizungusha siku ya kwanza mpaka besi ikapendeza, tukakiacha hapohapo. Mimi changu kilikaa kwenye 150 karibu mwaka mzima. Besi ilikuwa nyingi na wageni waliisifia, lakini kila jioni msomaji wa habari alikuwa na midomo kwenye televisheni na kifua kwenye kona ya chumba, pembeni ya kochi. Sauti yake ilikuwa imekatika vipande viwili. Siku nilipoishusha krosova hadi 80 na kurekebisha mambo mengine mawili nitakayoyaeleza huko mbele, kifua kilirudi chini ya midomo na sabufa ikawa kama haimo chumbani. Spika ndogo za mbele zilionekana zimekua ghafla.

Hicho ndicho ninachokitafuta katika mwongozo huu wote: ukifumba macho usiweze kunyoosha kidole ilipo sabufa. Kiasi cha besi ni suala la ladha yako, ukipenda nyingi weka nyingi. Mahali pa kukatia ni jambo lingine, na lina majibu yanayoweza kutafutwa.

Krosova inafanya nini

Ni mgawanyo wa kazi. Filta moja inazuia sauti za chini zisiende kwenye spika ndogo, nyingine inazuia sauti za juu zisiende kwenye sabufa. Masafa ya krosova, tuseme Hz 80 (mitikisiko 80 kwa sekunde), ni pale wawili hao wanapopokezana mzigo.

Kupokezana huko hakufanyiki papo kwa papo kama kufunga mlango. Filta hushusha sauti kidogokidogo, kwa mteremko. Ukikata kwenye Hz 80 kwa mteremko wa desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapozidi mara mbili, sabufa ikifika Hz 160 bado inatoa sauti, ila imeshuka kwa desibeli 24. Na spika ndogo bado zinafanya kazi kidogo kwenye Hz 60. Kwa hiyo kuna eneo zima, takriban kuanzia Hz 50 hadi 120, ambamo zote mbili zinaimba noti ileile kwa pamoja. Katika mpangilio unaotumika sana, ule wa Linkwitz-Riley uliobeba majina ya wahandisi Siegfried Linkwitz na Russ Riley, kila upande unakuwa umeshuka kwa desibeli 6 penye masafa ya kukatia, na pande zote mbili zikijumlishwa sauti inarudi kimo chake, bila bonde wala kilima. Shika hilo neno kujumlishwa. Nusu ya matatizo ya sabufa ninayoyakuta kwa watu yanatokana na pande mbili ambazo hazijumlishiki, na mwenye sabufa anaendelea kuongeza sauti akidhani haina nguvu.

Namba ya krosova inavutwa na mambo mawili yanayopingana. Udhaifu wa spika ndogo unaivuta juu. Sikio la binadamu linaivuta chini.

Tuanze na spika. Ili itoe sauti ya ukubwa uleule kwa masafa ya nusu, koni yake inabidi itembee mara nne zaidi. Kutoka Hz 80 kwenda 40 ni mara nne, na kutoka Hz 160 kwenda 40 ni mara kumi na sita. Ukitaka kuliona kwa macho, zima sabufa, ruhusu spika ndogo ya sentimita 10 ipokee sauti zote, cheza toni ya Hz 50 kwa sauti ya chini, kisha mulika koni kwa tochi ya simu. Utaiona ikienda mbele na nyuma mpaka kingo zake zinafifia machoni, na besi unayoisikia ni kidogo mno kulinganisha na hangaiko hilo. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba sehemu kubwa ya unachosikia si Hz 50 kabisa: ni mlio wa Hz 100 na 150 ambao spika inauzalisha yenyewe kwa kulemewa. Sasa badilisha toni iwe Hz 120 bila kugusa sauti. Koni inaonekana kama imesimama, na chumba kimejaa. (Usiongeze sauti ukiwa kwenye Hz 50. Toni tupu ya chini inaweza kuiumiza spika ndogo kwa muda mfupi kabisa.)

Ndiyo maana kuikata besi kwenye spika ndogo kunasafisha hata sauti za waimbaji. Koni ileile iliyokuwa ikihangaika na ngoma ndiyo inayobeba sauti ya mwimbaji, na ikipunguziwa mzigo wa chini inaimba bila kutetereka. Amplifaya nayo inapumua, kwa kuwa besi ndiyo inayokula nguvu nyingi.

Upande wa sikio, mambo ni ya urefu wa wimbi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Wimbi la Hz 80 lina urefu wa mita 4.3, la Hz 40 mita 8.6, la Hz 200 mita 1.7. Kutoka sikio moja hadi jingine hapafiki hata sentimita 20, hivyo wimbi la mita nne linayafikia masikio yote mawili karibu sawasawa na ubongo haupati cha kulinganisha. Hautambui limetoka wapi. Kadiri unavyopanda, ndivyo wimbi linavyofupika na sikio kuanza kunusa njia. Karibu na Hz 80 wengi hawawezi kusema sabufa iko upande gani, kwenye 120 wengi wanaanza kuweza, na kwenye 150 au 200 utaijua bila kujitahidi, hasa ikiwa imekaa mbali na spika za mbele. THX, walioanza na viwango vya sauti za kumbi za sinema mwaka 1983, walipogeukia majumbani walichagua Hz 80. Namba hiyo imekuwa mahali pa kuanzia kwa watu wengi duniani, na ni mahali pazuri.

Hatua ya 1: jua spika zako ndogo zinafika wapi

Tafuta karatasi ya sifa za spika. Utaona kitu kama "Hz 65 hadi kHz 20, ±3 dB". Hiyo ±3 dB, yaani sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3, ndiyo inayoipa namba maana. Namba ya chini ikiwa imeandikwa peke yake bila desibeli yoyote, huenda ni pale spika iliposhuka kwa desibeli 10, yaani imekwisha kudhoofika sana. Ichukulie kwa tahadhari.

Kata juu ya namba hiyo, kati ya nusu oktavu na oktavu nzima. Nusu oktavu ni kuzidisha kwa 1.4, oktavu nzima ni kuzidisha kwa 2. Spika inayofika Hz 57 kwa ±3 dB inakupa nafasi ya kukata kati ya Hz 80 na 114. Yenye kufika Hz 85 inakutaka kati ya Hz 120 na 170. Nafasi hiyo inahitajika kwa sababu filta inataka spika iendelee kufanya kazi vizuri hata chini kidogo ya mahali pa kukatia. Spika ikianza kuchoka palepale filta inapoanza kukata, miteremko miwili inarundikana na unabaki na shimo.

Kama huna karatasi, kipenyo cha koni kinakupa makisio:

- sentimita 7 hadi 8: Hz 150 hadi 200
- sentimita 10: Hz 100 hadi 120
- sentimita 13: Hz 80 hadi 100
- sentimita 16 hadi 17: Hz 60 hadi 80
- spika ndefu za kusimama chini zenye koni mbili au tatu za besi: Hz 40 hadi 60, na hata hizo mara nyingi hufanya vizuri zaidi kwenye 80

Hilo la mwisho huwaudhi wenye spika kubwa. Mtu amenunua spika zinazomfika kiunoni, halafu unamwambia azikate kwenye Hz 80. Namwelewa. Lakini mahali panapofaa kusimamisha spika kwa ajili ya sauti za waimbaji ni nadra sana kuwa ndipo panapofaa kwa besi, na sabufa unaweza kuihamisha bila kuharibu kitu kingine.

Hatua ya 2: jua sabufa yenyewe inafika wapi juu

Hili ni fupi. Sabufa nyingi hupanda vizuri hadi Hz 120 au 150. Kuna nyingine, hasa zile zenye koni kubwa na nzito, zinazoanza kuchoka baada ya Hz 100. Kama spika zako zinadai Hz 150 na sabufa imeishia 110, hakuna krosova itakayoziba pengo hilo, na ni heri kulijua kabla hujamaliza jioni nzima ukizungusha vitufe.

Hatua ya 3: hakikisha krosova ni moja tu

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Ukitumia risiva ya sinema ya nyumbani, ile amplifaya yenye menyu inayogawa sauti kwa spika zote, krosova inafanywa ndani ya risiva. Sabufa nayo ina filta yake, ile ya kitufe cha nyuma. Zote mbili zikifanya kazi, sabufa inakatwa mara mbili: karibu na masafa ya kukatia inashuka zaidi ya ilivyokusudiwa, na wimbi lake linachelewa kulinganisha na la spika ndogo. Matokeo ni bonde palepale penye mapokezano, na sauti isiyo na kifua.

Kwa hiyo:

1. Kama sabufa ina tundu la waya lililoandikwa LFE (jina la chaneli maalumu ya besi), tumia hilo. Kwa kawaida hupita kando ya filta ya sabufa.
2. Kama halipo, zungusha kitufe cha krosova cha sabufa hadi namba ya juu kabisa, ukiache hapo. Kuanzia sasa namba unaichagua kwenye menyu ya risiva.
3. Kwenye menyu, weka spika zote kuwa "Small". Neno hilo halihusu ukubwa wa boksi. Linaiambia risiva ikate besi kwenye spika hiyo na kuipeleka kwenye sabufa. Ukiacha "Large", spika inapokea kila kitu na krosova haipo.
4. Usiwashe ule mpangilio unaopeleka besi ileile kwenye spika na kwenye sabufa kwa wakati mmoja. Unaongeza besi sehemu moja ya chumba na kuiua sehemu nyingine.
5. Ukikuta mahali pameandikwa "LPF of LFE", weka Hz 120. Hiyo si krosova ya spika. Ni kikomo cha ile chaneli maalumu ya besi iliyomo kwenye filamu, ambayo inaweza kubeba sauti hadi Hz 120, na ukiishusha unatupa sehemu ya sauti ya filamu bila kufidiwa popote.

Kama una amplifaya ya stereo isiyo na krosova yoyote, hali yako ni tofauti na mambo hayo matano hayako kwa ajili yako. Spika zako zinapokea sauti zote na zitachoka zenyewe zinapofika mwisho wa uwezo wao. Hapo kitufe cha sabufa ndicho krosova pekee uliyonayo, na unakiweka chini, karibu na pale spika zinapochokea, halafu unakipandisha polepole mpaka pengo lizibe. Kwa spika zinazofika Hz 55, anza na 50. Wengi huanzia juu na kushuka. Ukianzia chini unaisikia besi ikijaa na unajua kwa urahisi zaidi ilipopita kiasi.

Hatua ya 4: weka 80, kaa, sikiliza

Weka Hz 80, au namba ya chini inayokubalika kwa spika zako kama zinadai zaidi ya 80. Kisha nenda kakae pale unapokaa siku zote. Usisikilize umesimama kando ya sabufa.

Jaribio la kwanza ni sauti ya mwanaume anayezungumza bila muziki nyuma yake. Sauti ya msingi ya mwanaume akiongea huanzia karibu Hz 85 hadi 180, ya mwanamke karibu 165 hadi 255. Ukikata kwenye 80, mwanaume huyo anabaki karibu wote kwenye spika za mbele. Ukikata kwenye 150, kifua chake kinahamia kwenye sabufa. Fumba macho umsikilize kwa dakika moja. Kama anasikika mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja, vizuri. Kama kuna mnong'ono mzito unaotokea pembeni kila anapotamka neno lenye uzito, shusha krosova au isogeze sabufa karibu na spika za mbele. Kama sauti imekuwa nyembamba, kama anaongea kupitia simu, spika zimekatwa chini kuliko uwezo wao, pandisha.

Jaribio la pili nalipenda kuliko yote: gitaa la besi linalopanda noti moja moja. Nyuzi zake nne zikiachwa wazi hutoa Hz 41, 55, 73 na 98. Kwa hiyo krosova ya Hz 80 inaangukia kati ya uzi wa tatu na wa nne. Noti ya E iliyo kwenye kifundo cha pili cha uzi wa tatu ni Hz 82, na ndiyo hiyohiyo inayotolewa na uzi mnene kuliko yote wa gitaa la kawaida ukiachwa wazi. Tafuta rekodi yenye besi inayotembea juu na chini bila haraka, au ukimjua mpigaji muombe akupigie ngazi. Sikiliza noti zinazozunguka hapo. Mpigaji alizipiga kwa nguvu sawa, nawe unatakiwa uzisikie sawa. Noti mbili tatu zikizama kana kwamba mpigaji amesahau kuzigusa, una bonde penye mapokezano. Noti moja ikivuma na kubaki chumbani baada ya nyingine kuingia, hilo ni la chumba.

Jaribu 80, kisha 100, kisha 60 kama spika zinaruhusu, kisha 120. Kila ukibadilisha, rekebisha kwanza kiasi cha sabufa kabla ya kuhukumu, kwa sababu sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi na litakudanganya kila mara.

Hatua ya 5: muulize chumba

Namba inayofaa kwenye karatasi inaweza kukataliwa na chumba. Kuna hesabu mbili ninazozifanya kwa kidole kabla ya kugusa kitu chochote.

Ya kwanza: gawanya 86 kwa umbali, kwa mita, kutoka kwenye koni ya spika hadi ukuta ulio nyuma yake. Jibu ni masafa ambayo mwangwi wa ukuta huo unarudi ukiwa kinyume na sauti ya spika na kuipunguza. Spika iliyosimama mita 1 kutoka ukutani ina shimo karibu na Hz 86. Iliyo sentimita 60 ina shimo karibu na 143. Sasa tazama: ukikata spika ya kwanza kwenye Hz 80, umeipa kazi palepale inaposhindwa. Pandisha krosova hadi 100, sabufa iliyokaa karibu kabisa na ukuta ichukue eneo hilo, na shimo linapungua sana. Hii ndiyo sababu Hz 100 hushinda 80 katika vyumba vingi, hata kwa spika zenye uwezo wa kushuka zaidi.

Ya pili: gawanya 172 kwa urefu wa chumba, kisha kwa upana, kisha kwa kimo. Chumba cha mita 5 kwa 3.5 chenye dari ya mita 2.7 kinakupa takriban Hz 34, 49 na 64. Hayo ni masafa ambayo chumba chenyewe hupenda kuvuma, pamoja na mazidisho yake. Kama noti inayovuma kwenye jaribio la gitaa iko karibu na mojawapo, usipoteze muda kuifukuza kwa krosova. Isogeze sabufa. Njia ya kuitafutia mahali ni ya kuchosha lakini haijaniangusha: iweke sabufa pale unapokaa wewe, cheza besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa chini kando ya kuta. Pale noti zinaposikika sawasawa kuliko kwingine, ndipo sabufa ikae.

Hatua ya 6: fanya pande mbili zijumlishike

Hili ni la kwanza katika yale mawili niliyoahidi, na ndilo nililochelewa kulielewa. Wimbi moja la Hz 80 huchukua milisekunde 12.5 kumaliza mzunguko. Sabufa ikiwa mbali nawe kuliko spika kwa mita 2.1 hivi, wimbi lake linafika likiwa limechelewa nusu mzunguko: spika inasukuma hewa, sabufa inaivuta. Zinafutana. Unaweza kuwa na vifaa bora kabisa na krosova sahihi, na bado penye Hz 80 pakawa patupu.

Tafuta mwenzako wa kukusaidia. Cheza toni ya masafa yaleyale uliyochagua ya krosova, spika na sabufa zote zikiwa zimewashwa, sauti ya wastani. Wewe kaa mahali pako. Mwenzako achuchumae nyuma ya sabufa na kubadilisha swichi ya fezi, ile inayogeuza wimbi la sabufa kinyume: 0, halafu 180, halafu 0. Usitazame. Sema tu "hiyo" pale toni inapokuwa kubwa. Rudieni mara tano. Kama kila mara unataja upande uleule, mmeupata. Kama huoni tofauti, ama sabufa iko robo ya mzunguko mbele au nyuma, ama moja ya pande hizo mbili ina sauti ndogo mno kuliko nyingine.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, geuza utaratibu. Acha swichi kwenye upande mbaya, ule wa toni ndogo, kisha badilisha umbali wa sabufa kwenye menyu ya risiva kwa sentimita 30 au hatua ndogo kabisa inayoruhusiwa, ukitafuta pale toni inapozama kuliko kote. Sikio hutambua kuzama kwa urahisi kuliko kupanda. Ukilipata shimo refu kabisa, rudisha swichi upande mzuri, na sasa pande mbili zinajumlishika vizuri kadiri inavyowezekana. Usiende mbali sana na umbali ulioanzia, maana shimo hujirudia kila baada ya mita 4.3 kwa toni ya Hz 80, na la mbali linaharibu masafa ya jirani. Hakikisha kwa toni za Hz 70 na 90 pia.

Simu inaweza kusaidia kupima. Maikrofoni yake haiaminiki kwa kusema besi ni desibeli ngapi hasa, lakini kulinganisha toni ileile kabla na baada ya kubadilisha swichi, ikiwa simu imelala mahali palepale, inatosha kabisa.

Jambo moja kuhusu vipimo vya kujiendesha vya risiva: mara nyingi vitaandika kwamba sabufa iko mita 5 wakati wewe unaiona iko mita 3. Usiisahihishe. Sabufa nyingi huchelewesha sauti kidogo ndani ya mitambo yake, na risiva imepima ucheleweshaji huo na kuuandika kama umbali. Lakini namba ya krosova iliyochaguliwa na kipimo hicho usiichukue kama amri. Ikikuta spika imefika Hz 40 kwa msaada wa ukuta, itaandika 40, na unaweza kuipandisha hadi 80 bila wasiwasi. Kuishusha chini ya ilichopima ndiko kubaya.

Hatua ya 7: kiasi cha sabufa

La pili nililoahidi ni kiasi. Krosova nzuri yenye sabufa iliyozidi inasikika kama krosova mbovu, kwa kuwa mkia wa juu wa sabufa unapanda pamoja nayo na kuanza kuwagusa waimbaji. Tumia sauti ya majaribio ya risiva, linganisha sabufa na spika za mbele, kisha ongeza desibeli 2 au 3 ukipenda uzito. Ukijikuta unaongeza 8, rudi hatua ya 6. Pengine kuna kitu kinafutana.

Ukiwa na maikrofoni ya kupimia

Programu ya kompyuta ya kupimia sauti iitwayo REW hupatikana bure, na maikrofoni kama UMIK-1 ya miniDSP inachomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja. Pima mara tatu ukiwa umeweka maikrofoni usawa wa masikio: spika peke yake, sabufa peke yake, kisha zote pamoja. Kwenye eneo la mapokezano, mstari wa zote pamoja unatakiwa uwe juu ya mistari yote miwili. Ukiukuta uko chini ya mmojawapo, pande hizo zinapigana, na unarudi kwenye umbali na fezi. Kwa picha hiyo moja utamaliza kwa nusu saa kazi ambayo masikio yangeifanya kwa wiki.

Spika ndogo kabisa na spika za nyuma

Seti zenye spika za ukubwa wa ngumi zinalazimisha Hz 150 au hata 200. Usizibane zishuke ili tu upate namba inayosifiwa. Zitakwaruza na sauti za wanaume zitakosa mwili. Kubali 150, halafu iweke sabufa kati ya spika mbili za mbele, au karibu nazo kadiri nafasi inavyoruhusu. Hapo hata sikio likiitambua, linaelekezwa kulekule zinakotoka sauti nyingine. Kuificha nyuma ya kochi kwa krosova ya juu namna hiyo hakufai.

Risiva nyingi zinaruhusu kila jozi ya spika iwe na namba yake. Zangu za mbele na ya katikati ziko kwenye 80, za nyuma ambazo ni ndogo ziko kwenye 120. Ya katikati nakushauri uikate kwa namba moja na za mbele ikiwa ina uwezo, ili mtu anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia kwenye skrini asibadilike sauti njiani.

Ukimaliza, chukua kipande cha karatasi uandike namba ya krosova ya kila jozi, upande wa swichi ya fezi, umbali wa sabufa na kiasi chake, ubandike nyuma ya sabufa yenyewe. Kitufe kile huguswa na ufagio, watoto hukizungusha, na risiva hurudi mwanzo umeme ukikatika vibaya.